Dawa Kumi na Moja za Mwalimu Khavere

Mwalimu Khavere alianza kucheka saa nne na robo asubuhi, katikati ya hesabu ya kugawanya. Alikuwa amesimama mbele ya darasa la nne, chaki mkononi, ameandika 132 ubaoni, akaiona ile mbili ya mwisho imekaa kama bata. Wanafunzi hawakumwona bata. Walimwona tu mwalimu wao, mama wa miaka arobaini na mbili mwenye blauzi iliyopigwa pasi na sauti ya kuamrisha, ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili huku mabega yakimtikisika.

"Mwalimu analia," mmoja akanong'ona.

"Wapi! Anacheka."

Kicheko cha mtu mzima kinaambukiza kuliko surua. Kufumba na kufumbua watoto hamsini na mmoja walikuwa wanacheka pamoja naye, wengine wamelala juu ya madawati, hakuna hata mmoja anayejua sababu. Khavere alicheka mpaka magoti yakamwishia nguvu. Akateleza taratibu na ukuta, akafika sakafuni kwenye vumbi la chaki, akanyoosha miguu mbele, akaegemeza kichwa chini ya ramani ya Kenya, akalala. Alilala usingizi wa kukoroma.

Bwana Mathenge, mwalimu mkuu, alisikia kelele akadhani darasa halina mwalimu. Aliingia na kiboko, akamkuta mwalimu chini. Alisimama pale muda mrefu kidogo. Kisha, mbele ya watoto wote, akapiga magoti ndani ya suti yake ya kahawia, akasogeza pua karibu na mdomo wa Khavere, akavuta pumzi mara mbili.

"Hakuna harufu," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa. "Basi ni ile pombe isiyokuwa na harufu."

Khavere akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichokiona duniani ni pua ya mkubwa wake wa kazi, karibu kabisa.

"Bwana Mathenge," akamwambia kwa upole, "una nywele puani."

Darasa la tano, lililokuwa upande wa pili wa ukuta, lilisikia jinsi la nne lilivyolipuka.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1977. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imetoka shuleni, imeteremka mpaka soko la Nyeri, imezunguka na kufika kambi ya polisi, ambako Khavere aliishi na mumewe, Sajini Barnabas Masinde, na binti yao Kageha. Ati mwalimu Mluhya amelewa darasani. Ati alimtukana mkubwa. Khavere alikuwa mtu wa Jeshi la Wokovu, kanisa lisilogusa pombe. Kila Jumapili alipiga tari mbele ya bendera, na tangu azaliwe hajawahi kuonja hata povu la pombe ya muratina. Lakini barua aliyokuja nayo nyumbani ilisema asiingie darasani tena mpaka Ijumaa saa nane, atakapofika mbele ya kamati ya shule "kujieleza kuhusu ulevi".

*

Sajini Masinde alipata habari langoni, kutoka kwa Konstebo Munyao aliyekuwa zamu.

"Pole, Sajini," Munyao alisema, akishusha sauti kana kwamba kuna maiti. "Shemeji yangu pia alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anaficha chupa ndani ya pipa ya unga. Wewe angalia tu pipa ya unga."

Masinde alimwambia Munyao afunge kifungo cha shati lake. Alipofika nyumbani aliangalia pipa la unga. Kulikuwa na unga.

Khavere alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, mto chini ya magoti, kwa sababu hivyo ndivyo mgongo ulivyomruhusu. Mgongo huo ulikuwa katika mwaka wake wa tatu wa kuuma, tangu alipoteleza na ndoo ya maji pale mferejini. Aliyasikia mambo ya pipa bila kugeuka.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?"

"Nilikuwa naangalia kama unga itatosha." Masinde alivua kofia, akachuchumaa kando yake. "Hebu geuka hapa nikuone."

"Unataka kuniona ama kuninusa?"

"Mama Kageha..."

"Leo nimenuswa mara tatu. Mwalimu mkuu, naibu wake, na mama anayepika uji wa nasari. Kama na wewe unataka, panga laini."

Masinde alitaka kucheka, lakini uso wa mkewe ulimkataza.

"Sijui ni nini, Baba Kageha. Nasimama, naona kila kitu kinachekesha. Halafu naona kila kitu kiko mbali. Halafu nalala. Wiki mbili sasa. Labda ni akili inaniacha."

"Akili yako iko sawa."

"Basi ni nini?"

Masinde alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchemsha chai.

*

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye ushungi mweupe na faili la buluu alibisha hodi. Alikuwa Sista Rukaya, muuguzi, mtoto wa Majengo pale pale mjini, na kwa mwaka huo alikuwa ameajiriwa kwenye utafiti wa Daktari Theuri. Daktari huyo alitaka kujua watu wa mkoa wanaoumwa zaidi ya miezi mitatu wanaishi vipi, wanameza nini, na je, wanachomeza kinawasaidia au kinawamaliza.

"Jina lako limetoka kwenye kura, Mwalimu," Rukaya alisema alipokaribishwa.

"Kura? Nimeshinda nini?"

"Maswali hamsini na mbili."

Masinde, ambaye alikuwa anaingia zamu ya jioni, alivuta kigoda akakaa karibu, mikono magotini, kama anayesikiliza kesi. Kageha, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa soksi za shule, alijifanya anafagia.

"Swali la kwanza. Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako leo ni ngapi? Sifuri hakuna maumivu. Kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

"Mimi nilimzaa huyu anayefagia ndani ya lori la polisi, pale Kiganjo, likiwa linatembea."

"Basi hiyo ndiyo kumi," Rukaya akasema, kalamu tayari.

"Hapana. Hiyo ni saba. Tisa na kumi nawaachia waliosulubiwa."

"Andika nane," Masinde akasaidia.

"Sajini, mgongo ni wa nani?" Rukaya akamuuliza bila kumtazama, na Kageha akacheka ndani ya ufagio.

Wakaendelea hivyo. Swali la tisa lilitaka kujua kama mgonjwa anaweza kuinua gunia, na Khavere akauliza gunia la nini, maana la pamba anaweza. Swali la kumi na mbili lilihusu mambo ya mume na mke, na Masinde akakumbuka kwamba hajapiga viatu vyake rangi. Alirudi walipofika la kumi na sita.

"Katika wiki mbili zilizopita," Rukaya alisoma, "umewahi kulia bila sababu?"

"Sijawahi kulia bila sababu."

"Na kwa sababu?"

Khavere akatazama pazia.

"Asubuhi," akasema mwishowe. "Nikifungua macho, kabla hata sijageuka, mgongo unaniambia karibu. Nafikiria zile saa zote za kusimama. Basi nalia kidogo, navaa, naenda kazini."

Masinde alimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo.

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza na faili."

Rukaya aliandika, akaacha mstari, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake. "Ukiketi, inakuwaje?"

"Nikiketi napata nafuu."

"Sasa mbona huketi darasani?"

Mume na mke wakatazamana, wakacheka pamoja, kicheko cha watu wanaomhurumia mgeni. Khavere akamweleza kwamba Bwana Mathenge alikwenda semina Karatina mwaka juzi, akarudi na msemo kwamba mwalimu aliyeketi ni nusu amelala. Siku ya pili yake viti vyote vya walimu vilitoka madarasani.

"Kwa hiyo unameza dawa ili uweze kusimama," Rukaya alisema polepole.

"Na wewe ukisema hivyo inaonekana kama ujinga."

"Sijasema ujinga. Naandika tu. Sasa nileteeni dawa zote zilizomo humu ndani. Zote, hata za mitishamba, hata zile zilizobaki."

Kageha alitumwa na karai la kufulia. Alipita kabati, chini ya kitanda, juu ya kabati, mkoba wa mama, droo ya mashine ya kushonea. Lilipotua mezani karai lilikuwa limejaa bahasha za kaki, vichupa, na vidonge vilivyofungwa kwa karatasi za gazeti. Rukaya akatandika taulo na kuanza kuvipanga kwa rangi kama mtu anayetunga shanga. Aina kumi na moja.

"Hivi vya manjano?"

"Vya hospitali. Kimoja kila usiku, kulegeza misuli."

"Hivi vya buluu?"

"Kliniki moja ya kibinafsi. Kutuliza wasiwasi."

"Na hivi vyeupe vyenye mstari?"

"Daktari wa Sagana. Vya usingizi, kwa sababu nilimwambia mgongo unaniamsha."

Rukaya aliviweka vitatu hivyo kwenye kiganja kimoja. "Mwalimu, hawa ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Kazi yao ni ile ile, wamevaa nguo tofauti tu. Huyo wa kliniki alijua kwamba unatumia vya manjano?"

"Hakuuliza."

"Wa Sagana?"

"Alikuwa na watu wengi kwenye laini."

"Kila mmoja ameongeza. Nani amepunguza?"

Hakuna aliyepunguza. Rukaya akainua chupa ya mwisho, kubwa, yenye mafuta meusi na picha iliyofifia. "Na hii? Mbona kuna farasi?"

"Ni ya farasi," Khavere akakubali. "Ilitoka shamba moja kule Endarasha. Lakini kusema ukweli ndiyo imenisaidia kuliko zote."

Hapo hata Rukaya alishindwa, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka ushungi ukateleza. Alipojifuta macho alirudi kwenye bahasha ya vidonge vya manjano. Alisoma tarehe, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Ulipewa thelathini, siku kumi na mbili zilizopita. Kimoja kila usiku. Vingebaki kumi na vinane. Hapa kuna sita."

"Mimi nameza kimoja."

"Una uhakika? Ukisahau kwamba umeshameza..."

"Sista, mimi ni mwalimu wa hesabu."

Kageha aliacha kufagia. Jasho la Sajini Masinde lilitoka kwenye paji la uso, likashuka shavuni, likaning'inia kidevuni. Mtu aliyekuwa amehoji wezi wa ng'ombe kwa miaka kumi na tisa hakuwa na pa kuweka mikono yake.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nilikuwa nasaga moja, naweka kwa uji ya asubuhi."

"Unaweka wapi?"

"Kwa uji. Na kijiko ya sukari, usisikie uchungu." "Ulikuwa unaumia sana, Mama Kageha. Nilikuwa nakuona ukivaa viatu. Nikasema, kama moja ya usiku inasaidia, moja ya asubuhi itamfikisha saa sita."

Khavere alimtazama mumewe. Alimtazama muda mrefu hata Rukaya akafunga faili.

"Wiki mbili," Khavere akasema. "Wiki mbili unaamka kabla yangu kunipikia uji. Nilikuwa nimewaambia wanawake kanisani. Nilitoa ushuhuda, Barnabas! Nilisimama nikasema Bwana amemgusa mume wangu."

"Alinigusa!" Masinde akalia. "Hiyo ni mapenzi!"

Kandambili ya kushoto ilimpata kifuani. Ya kulia ilipita, ikampata Kageha, ambaye wakati huo alikuwa ameanguka juu ya kochi kwa kucheka. Kisha Masinde, akiwa ameona aibu na kutaka kufanya jambo lolote la kiume, alinyakua karai lote na kuelekea mlangoni.

"Naenda kumwaga hii takataka kwa choo!"

Rukaya aliruka akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. Hakuwa mtu wa kimo, lakini alikuwa amezoea wagonjwa wakubwa.

"Sajini, weka chini. Hizi za kulegeza zikikatwa zote kwa siku moja anaweza kupata kifafa. Mwili umeshazizoea. Zinashushwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayesema namna gani. Kazi yangu mimi ni kuuliza tu, sikutumwa kutibu. Lakini hili namwita Daktari Theuri leo leo."

*

Daktari Theuri alikuja mchana kwa Volkswagen yake nyeupe. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka ya maneno na subira ya masikio. Alimpima Khavere pale pale mkekani, akamkunja miguu, akamgonga magoti, akamuuliza habari za kulia asubuhi na hakumwambia kwamba ni mawazo tu. Kisha akachukua karatasi akaandika: dawa saba ziondoke leo, hazina kazi. Zile tatu za udugu zibaki aina moja, ishuke taratibu kwa wiki nane. Ya farasi, akasema, apakae mtu atakayeahidi kutoilamba.

"Ijumaa nitakuwa nimepona?" Khavere aliuliza. "Ijumaa nina kamati."

"Ijumaa bado utakuwa na kizunguzungu."

"Na kucheka?"

"Ukiona kitu cha kuchekesha, utacheka."

"Bwana Mathenge atakuwepo."

Daktari akafikiri. "Basi tazama mtu mwingine."

Yeye mwenyewe Ijumaa angekuwa Mwea, kwenye nyumba za wakulima wa mpunga waliotoka pia kwenye kura, lakini aliahidi kuandika barua na Rukaya angeisoma. Alipofungua kalamu, Sajini Masinde alikohoa.

"Daktari. Hapo kwa mambo ya uji. Si ungeandika tu 'mtu wa nyumbani'? Mimi ni polisi. Mkuu wa kituo akisikia nilikuwa namwekea mtu dawa kwa uji..."

Daktari alimtazama, akamtazama na Khavere. Khavere alikuwa amejaa hasira bado, lakini alifikiria mshahara, na karo ya Kageha, na nyumba hiyo ya serikali waliyokalia. Akaitikia kwa kichwa. Ikaandikwa "mtu wa nyumbani".

*

Kamati ilikaa katika darasa la saba, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wahome, mwenye duka la mbao. Mama Watiri, muuza viazi mwenye wajukuu watatu shuleni, aliwakilisha wazazi. Khavere aliketi mbele peke yake, ameshika kitambaa. Rukaya alikuwa pembeni na faili lake, na nyuma kabisa, chini ya dirisha, walikaa Kageha na Sajini Masinde aliyevaa sare kamili.

Bwana Mathenge alisimama kusoma mashtaka. Khavere, kwa kufuata ushauri wa daktari, alimkodolea macho Mama Watiri.

"Kwamba mnamo saa nne na robo, mtajwa alionekana akicheka bila idhini. Kwamba alilala. Kwamba alipoamshwa, alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya wanafunzi hamsini na mmoja, kwamba ana... kwamba yeye ana..."

"Ana nini?" Mzee Wahome aliuliza.

"Imeandikwa hapa."

"Si usome."

"Nywele puani," Mathenge akasoma, kwa sauti ya chini.

Hakuna mwanadamu anayeweza kusikia maneno hayo asiangalie. Kamati nzima iliangalia. Mama Watiri aliinama hata kidogo, kupata mwanga mzuri, na Khavere, aliyekuwa akimtazama yeye, aliona midomo yake ikikunjamana. Hapo basi. Kicheko kilimtoka kupitia kitambaa kama filimbi.

"Mnaona!" Mathenge alipiga kelele kwa furaha. "Hata sasa! Mbele ya kamati!"

Rukaya akasimama haraka, akasoma barua. Aliisoma vizuri, kwa Kiswahili cha Majengo kilichonyooka: kwamba mwalimu huyu si mlevi, kwamba ana maumivu ya kweli, kwamba madaktari watatu wasioulizana walimpa dawa ya aina moja mara tatu, na kwamba mtu wa nyumbani, kwa kutojua, alimwongezea nyingine ndani ya chakula.

"Mtu gani wa nyumbani?" Mama Watiri aliuliza.

Sajini Masinde aliinama kutazama buti zake.

"Mimi najua hiyo nyumba," alisema Mathenge. "Watu ni watatu tu. Sajini ni mtu wa sheria. Mwalimu hawezi kujiwekea. Basi ni huyo msichana." Akanyoosha kidole nyuma ya darasa. "Na kama msichana mwenyewe anawawekea wazazi dawa, mimi nauliza, huyo mama anafundisha watoto wa watu nini?"

Vichwa viligeuka vyote. Kageha alimtazama tu baba yake, bila kumlaumu, akingojea kuona itakuwaje, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama.

Buti mbili ziligongana kwa kishindo. Sajini Masinde alikuwa amesimama, kifua mbele, macho kwenye ubao.

"Ni mimi," alisema. "Mimi Sajini Barnabas Masinde. Nilichukua dawa, nikasaga kwa chupa ya soda, nikaweka kwa uji ya bibi yangu asubuhi kumi na mbili. Sikumwambia. Nilikuwa nataka asiumie. Halafu watu wakasema ni mlevi na mimi nikanyamaza siku tatu, kwa sababu niliogopa kazi yangu. Msichana hana makosa. Mwalimu hana makosa." Akafikiri kama kuna jingine. "Sukari pia nilizidisha."

Mzee Wahome akatoa sauti kama ya jiko la mafuta linalozimika. Alijaribu kuizuia, akashindwa, akaegemea dawati, na dawati, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa miaka kumi na mitatu, likampeleka chini. Kamati nzima ikacheka, hata yule mhasibu wa kanisa ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Mama Watiri alikuwa anajipiga mapaja.

"Kwa uji!" alisema. "Wangu hajawahi kunipikia hata chai!"

Alipotulia alifungua fundo la leso yake, akatoa vidonge vinne vya buluu, akamwonyesha Rukaya. "Sista, na hivi vya magoti yangu, ni wale ndugu?" Mzee Wahome, akiwa bado anajifuta vumbi, akaingiza mkono kwenye koti. Mhasibu naye akatoa bahasha. Rukaya aliwaomba wangoje, kazi ya leo ni nyingine, lakini alifungua ukurasa mpya.

"Mwalimu Khavere," mwenyekiti alisema aliporudi kukaa, mara hii juu ya meza. "Jina lako ni safi. Kuna kitu unataka kuambia kamati?"

Khavere alisimama, kwa mazoea, akishika kiuno.

"Nataka kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kukalia nikifundisha."

"Kanuni hairuhusu," Mathenge alisema.

"Kanuni ya nani?" aliuliza Wahome. "Ya serikali?"

Mathenge alirekebisha tai. "Yangu."

"Na vile viti vyenyewe viliendaga wapi?"

"Viko kwa ofisi yangu. Naweka faili juu yake."

Jumatatu asubuhi kiti kilirudi darasa la nne. Mathenge mwenyewe alikileta, amekibeba kichwani miguu juu, kwa sababu ilikuwa inanyesha na hakuwa na mwavuli.

*

Wiki nane hazikuwa za kucheka zote. Ya pili na ya tatu Khavere hakulala, mikono ilimtetemeka, alimchukia Rukaya na kila mtu aliyewahi kumiliki faili. Masinde alipewa onyo na mkuu wa kituo na kuwekwa langoni mwezi mzima, ambako maaskari walimwita Sajini Uji na kukataa kupokea chochote cha kunywa kutoka mkononi mwake. Kila kukicha alimtembeza mkewe kuzunguka uwanja wa gwaride, kwanza mara moja, halafu mara mbili, kama Daktari Theuri alivyoagiza. Walizungumza njia nzima. Mgongo haukupona. Siku nyingine uliuma sana, siku nyingine kidogo, lakini kulia kwa asubuhi kulipungua mpaka Khavere akashtuka siku moja kwamba hakumbuki mara ya mwisho.

Mwezi wa sita mkaguzi wa shule alikuja bila taarifa. Bwana Mathenge alimtembeza darasa baada ya darasa, akitokwa na jasho, na kila mlango ulipofunguliwa walimu walikakamaa kama askari.

Katika darasa la nne Khavere alikuwa anafundisha Kiswahili. "Si kitabu yangu," alikuwa anasema, "ni kitabu changu. Na kiti?"

"Kiti changu!" darasa likajibu.

Mlango ukafunguka. Watoto hamsini na mmoja wakasimama kwa pamoja. Mkaguzi, mtu mkubwa mwenye miwani, akamtazama mwanamke aliyebaki ameketi mbele ya darasa, mgongo umeegemea, miguu pamoja, chaki mapajani. Akamgeukia Mathenge. Mathenge alichagua kutazama ramani ya Kenya.

"Habari ya asubuhi, Bwana Mkaguzi," Khavere alisema. "Karibu. Ketini, watoto."

Watoto wakaketi.

Mkaguzi akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta pa kukaa. Darasani kulikuwa na kiti kimoja tu, na kilikuwa na mwenyewe.

"Endelea, Mwalimu," akasema, na kuegemea ukuta.